Pamba ya udongo, Wahaya na makala niliyoionea aibu

Leo naomba mnivumilie maana stori ni ndefu kidogo. Inaanzia kwenye karakana ya sufuria na kuishia kwenye makala niliyoandika nikiwa mwanafunzi, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona aibu.

Wiki iliyopita nilipita kwenye karakana moja hapa Nyegezi, si mbali sana na stendi ya mabasi. Kuna mzee mmoja na vijana wake watatu. Wananunua alumini chakavu, wanaiyeyusha na kumimina sufuria. Nilikwenda kutafuta habari ya bei ya chuma chakavu. Habari yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu, lakini macho yangu yaliganda kwenye tanuru lao. Ni pipa la mafuta lililokatwa, limetobolewa ubavuni kupitisha bomba la feni, na linawashwa kwa oili chafu. Kwa ndani limevishwa kitu cheupe, laini, kinene kama godoro la mtoto. Ukikiangalia unaapa ni pamba.

"Mwangaluka, mzee. Hiyo pamba haiungui?"

Mzee akacheka mpaka vijana wake wakageuka. "Kijana, hii siyo pamba ya Kwimba. Hii ni udongo."

Nikadhani ananitania kwa kuwa mimi ni mwandishi na hapa mjini waandishi tuna sifa ya kuamini kila kitu. Lakini akachukua kipande kilichobaki, akakitupa juu ya makaa mekundu, akakitoa na koleo. Hakikuungua, hakikunywea, hakikubadilika rangi. Kisha akasogeza kiganja karibu kabisa na bati la nje la tanuru wakati ndani alumini inachemka kama uji. Akasema, "Zamani tulijenga kwa matofali. Asubuhi unachoma oili mpaka unachoka, tofali linakunywa joto lote kabla chuma hakijapata. Hii hainywi."

Nilirudi nyumbani na kipande kimefungwa kwenye gazeti na swali moja kichwani: udongo unageukaje kuwa pamba?

Jina lake ni nyuzi za kauri. Na hapa Kiswahili chetu kimenifurahisha, maana tunatumia neno moja, nyuzi, kwa vitu viwili: nyuzi za kushonea na nyuzi za joto. Stori yote ya leo iko katikati ya nyuzi hizo mbili.

Ni kitu cha juzi tu. Zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, na kampuni zinazotajwa sana ni Carborundum na Babcock & Wilcox. Malighafi yake ni kaolini, ule udongo mweupe ambao hata sisi tunao kwenye vilima vya Pugu nje kidogo ya Dar es Salaam, au mchanganyiko wa alumina na silika unaokaribia nusu kwa nusu. Kazi ni kuyeyusha, na kazi hiyo si ya kitoto. Alumini ya yule mzee inayeyuka kwenye nyuzi 660. Shaba ni nyuzi 1,085. Chuma ni 1,538. Kaolini safi inataka uvuke 1,750.

Sasa hebu fikiria tatizo lililopo. Ukitaka kuyeyusha alumini unaiweka kwenye chungu cha chuma au cha udongo mgumu, unawasha moto chini. Udongo wenyewe je, utauyeyushia kwenye chungu gani? Vyungu vyetu karibu vyote ni udongo! Moto utakaoyeyusha kilichomo ndani utakuwa umeshakula chungu.

Jibu la kiwandani ni zuri sana. Hawawashi moto nje ya chungu. Wanazamisha nondo za metali ngumu inayoitwa molibdeni ndani ya udongo uliokwisha kuyeyuka, kisha wanapitisha umeme. Udongo mkavu haupitishi umeme, lakini ukiyeyuka unapitisha, na kadiri unavyopitisha ndivyo unavyojichemsha wenyewe kutoka ndani. Pembeni karibu na ukuta uliopozwa udongo unabaki mgumu, kwa hiyo uji wa moto unakaa ndani ya ganda lake mwenyewe. Juu wanamwaga malighafi mbichi ambayo inafunika uji huo kama blanketi ili joto lisitoroke. Halafu uji unachuruzika kwa chini kama asali. Ama unapigwa na upepo au mvuke wenye nguvu, ama unaangukia magurudumu yanayozunguka kwa kasi kubwa. Matone yanarushwa na kuvutika kuwa nyuzi. Uzi mmoja una unene wa maikroni 2 mpaka 4, wakati unywele wa kichwa chako ni kama maikroni 70. Nyuzi zinakusanywa, zinashonwa kwa sindano, zinakuwa blanketi.

Hiyo ni njia ya kwanza: yeyusha kwanza, unda baadaye.

Lakini ipo njia ya pili. Alumina tupu inayeyuka juu ya nyuzi 2,000, na ikishayeyuka inakuwa nyepesi kama maji, haivutiki kuwa uzi. Katika miaka ya 1970 kampuni ya ICI ya Uingereza ikaja na nyuzi zilizoitwa Saffil. Walizunguka mlima badala ya kuupanda. Wanatengeneza kimiminika kizito chenye chumvi za alumini, wanakivuta kuwa uzi kikiwa bado baridi, kisha ndipo uzi unachomwa taratibu mpaka unageuka kauri. Hauyeyuki kabisa. Unachomwa tu, na umbo lake linabaki vilevile.

Hiyo ni njia ya pili: unda kwanza, choma baadaye.

Niliposoma hapo nikaweka karatasi chini. Njia hizi mbili nilizifahamu, na si za Marekani wala Uingereza. Kuunda kwanza na kuchoma baadaye ni kazi ya mfinyanzi. Kuyeyusha kwanza na kuunda baadaye ni kazi ya wale waliotoa chuma kwenye mawe, na ukanda wetu wa ziwa ulikuwa na wote wawili kwa zaidi ya miaka 2,000. Hapohapo nikaikumbuka makala yangu.

Tuanze na wafinyanzi. Mwaka 1948 Mary Leakey, Louis Leakey na Askofu Owen (alikuwa na cheo cha archdeacon, tusimpandishe sana) walitoa maelezo ya vyungu vya kale vilivyopatikana magharibi mwa Kenya, vyenye mapambo ya mistari na kitako kilichobonyezwa kidole. Baadaye vikapewa jina la mahali, Urewe. Vyungu vya aina hiyo vimeonekana kuzunguka sehemu kubwa ya Ziwa Victoria mpaka Rwanda na Burundi, na vya mwanzo vinarudi nyuma mpaka karne za kabla ya Kristo. Mwaka 1969 Soper na Golden walichapisha uchunguzi wao wa mambo ya kale katika mkoa wetu wa Mwanza, kwa hiyo tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo ya ziwa tu.

Vyungu vya namna hii huchomwa kwa moto wa wazi. Unavipanga, unavifunika kwa kuni, majani makavu au kinyesi cha ng'ombe, unawasha. Joto linapanda mpaka nyuzi 600 au 900 hivi, muda mfupi tu, kisha basi. Sehemu kubwa ya joto inakwenda angani. Kwa hesabu za kiwandani huu ni moto mbovu kabisa.

Lakini ngoja. Kwenye nyuzi 500 hivi kuelekea 600 udongo unapoteza maji yaliyofungwa ndani yake na hauwezi tena kurudi kuwa tope. Chungu kimeshakuwa chungu. Kwa nini uendelee? Chungu cha kupikia kinawekwa juu ya mafiga, moto chini, maji baridi ndani. Kikiwa kimechomwa sana mpaka kikawa kama kioo, kitapasuka siku ya kwanza. Kikiwa na vinyweleo vidogovidogo na chembe za mchanga, kinavumilia. Bibi mfinyanzi hakushindwa kupata nyuzi 1,300. Hakuzihitaji. Alijua moto unaotosha kazi yake, na kwa fundi yeyote elimu hiyo ni kubwa.

Sasa tuje kwa watu wa chuma, na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Nikiwa mwaka wa pili pale Malimbe niliandika makala kwenye gazeti la wanafunzi. Kichwa chake nilikipanga mwenyewe kwa herufi kubwa: WAHAYA WALIIZIDI ULAYA KWA MIAKA 1,500. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wataalamu wa Marekani wamegundua kuwa wazee wa Kagera walitengeneza chuma cha pua kwa kupasha hewa moto kabla haijaingia kwenye tanuru, jambo ambalo Ulaya waligundua karne ya 19. Nikaandika kwa hasira na fahari. Wenzangu wa Bukoba walinibeba juujuu, mmoja alininunulia soda wiki nzima.

Kisha mwalimu wetu mmoja akaniita. Hakunigombeza. Aliweka kidole kwenye sentensi ya hewa moto akaniuliza, "Hilo joto la kupashia hewa lilitoka wapi?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sikuwa nimejiuliza.

Wiki hii, nikiwa na kipande cha pamba ya udongo mezani, ndiyo nimekaa kulitafutia swali hilo jibu. Nawaletea nilichokipata.

Mambo yasiyo na ubishi kwanza. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kazi Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, akachimba Katuruka karibu na Bukoba, mahali ambapo masimulizi ya wazee yanamtaja mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija na ufuaji wa chuma. Masimulizi yalimpeleka mahali sahihi: alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale kuliko alivyotarajia, yanayorudi mpaka karne za kabla ya Kristo. Baadaye akachimba matanuru mengine Kemondo, bandari ileile ambayo meli ya Bukoba kutoka kwetu husimama. Na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walikubali kujenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele yake, miongo mingi baada ya kazi yenyewe kufa kwa sababu ya majembe na vyuma vya kununua.

Tanuru lao lilikuwa hivi. Wanachimba shimo, wanalisiliba kwa udongo wa kichuguu. Wanachoma matete ya bwawani ndani ya shimo mpaka linajaa mkaa wa matete. Juu yake wanajenga ukuta kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu. Mawe yenye chuma yanakaangwa kwanza kwenye moto wa kuni, kisha yanaingia tanuruni pamoja na makaa. Pembeni wanaingiza mirija ya udongo, na kila mrija unapuliziwa na mivuo. Jambo lililomshtua Schmidt ni kwamba mirija hiyo haikuishia ukutani. Iliingia ndani sana, katikati ya moto wenyewe, na ile iliyochimbuliwa ilikuwa imegeuka kioo kwa nje.

Mwezi Septemba 1978, Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown, walichapisha makala katika jarida la Science. Walisema mrija unapokaa ndani ya moto, hewa inayopita inapata joto kabla ya kutoka, kwa hiyo moto unakuwa mkali zaidi. Walisema kazi hiyo ilifanyika kando ya ziwa miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Jarida la Time likaidaka habari mwezi huohuo. Na kuanzia hapo ikasafiri, ikaongezwa chumvi kila kituo, mpaka ikafika Malimbe kwangu nami nikaongeza magunia mawili.

Wengi hawasimulii kilichofuata. Mwaka 1986 mtaalamu wa matanuru aitwaye Rehder alijibu kwa hesabu: mrija wa udongo ni mnene, udongo haupitishi joto haraka, na hewa inapita kwa kasi, kwa hiyo joto inalolipata ni dogo kuliko walivyodhani. Mwaka 1996 David Killick akaandika juu ya madai makubwa ya teknolojia ya chuma Afrika, akataka tuwe waangalifu. Schmidt hakukubali, aliendelea kuutetea ushahidi wake. Ubishi huo ni wa wasomi wanaoheshimiana, na wale wanaopinga si watu wanaoidharau Afrika. Killick mwenyewe ametumia maisha yake ya kitaaluma kusoma chuma cha Afrika.

Rudini kwenye swali la mwalimu wangu. Huko Uskoti mwaka 1828 James Beaumont Neilson alipata hataza ya kupuliza hewa moto. Hewa yake ilipashwa kwenye jiko la pembeni, nje ya tanuru, na baadaye Cowper akatumia gesi zilizokuwa zinapotea juu ya bomba la moshi. Matumizi ya makaa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Yaani joto liliongezwa kutoka nje, au liliokolewa lilipokuwa linatoroka. Katika tanuru la Kihaya hewa iliazima joto kutoka kwenye moto uleule iliokuwa inakwenda kuuwasha. Ukichota maji kwenye pipa ukayamimina mlemle, hujaongeza maji. Unaweza kuyahamisha tu: sehemu moja ya tanuru ipoe kidogo, mdomo wa mrija uwake zaidi. Hilo nalo linaweza kuwa na faida, lakini halilingani na la Neilson. Kusema Wahaya walimtangulia Neilson ni kufananisha vitu viwili kwa sababu vina jina moja.

Najua kuna mdau ataniambia, "Wewe sasa umegeuka mzungu." Hapana, kaka. Subiri.

Jambo lililoniuma nilipoirudia makala yangu ni nilichokiacha, zaidi hata ya kutia chumvi. Matete niliyapa nusu sentensi. Udongo wa kichuguu sikuutaja kabisa. Kukaanga mawe kabla ya kuyeyusha sikukujua. Nilikuwa nimeshika kitu kimoja tu ambacho kingeweza kupambanishwa na Ulaya, vingine nikavitupa.

Hebu tuviangalie. Udongo wa kichuguu ni ule mchwa aliouchambua chembe kwa chembe, na unastahimili moto kuliko tope la kawaida. Wazee walichagua malighafi ya ukuta kama kiwanda kinavyochagua kaolini. Mkaa wa matete ulikuwa na kazi: uji wa mavi ya chuma ulishuka katikati ya matete, ukakutana na kaboni kila upande, chuma kikaungana na kaboni na sehemu yake ikawa chuma cha pua. Na chuma chenyewe hakikuyeyuka, kilibaki bonge lenye matundu kama sifongo, likafuliwa kwa nyundo. Mavi yake ndiyo yaliyeyuka, na yanayeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi. Hawakuhitaji 1,538. Kama yule bibi mfinyanzi, walijua moto unaotosha.

Na upande wetu wa kusini mwa ziwa walikuwepo Warongo, wayeyushaji wa Uzinza, ambao majembe yao yalinunuliwa mpaka Usukuma na kutolewa mahari. Babu zetu walilima kwa matokeo ya tanuru hizo. Sijawahi kusikia mtu akiwatungia kichwa cha habari, labda kwa sababu hakuna Mskoti wa kuwashindanisha naye.

Sasa turudi kwenye pamba ya udongo, maana mavi ya chuma ndiyo yanayotuunganisha. Pamba ya kwanza ya namna hii haikutokana na kaolini. Mwaka 1840 huko Wales Edward Parry alipuliza hewa kwenye mavi ya chuma yaliyoyeyuka, yakawa nyuzi, lakini zikapeperuka na kuwaumiza wafanyakazi, akaacha. Mwaka 1871 kiwanda cha chuma cha Georgsmarienhütte Ujerumani kikaanza kuzitengeneza kwa biashara. Maumbile nayo yanajua kazi hiyo: volkano ya Nyiragongo karibu na Goma, kama ilivyo kwa volkano za Hawaii, hurusha uji wake hewani ukavutika kuwa nywele za kioo.

Je, pale Kemondo mivuo haikuwahi kuvuta uzi mmoja wa mavi ya chuma? Sitaki hata kulijibu, maana nawajua. Kesho nitakuta mtu anasambaza kwamba Wahaya walivumbua nyuzi za kauri kabla ya Marekani. Hapana! Kule Ulaya mavi yalitoka nje yakitiririka kama mto, mbele ya mashine za upepo. Kwetu yalizama shimoni katikati ya matete, na huko ndiko yalikotakiwa kuwa. Kila tanuru lilijengwa kwa kazi yake.

Ukipanga mioto yote kwenye mstari mmoja unaona kitu. Moto wa wazi: kuni nje, chungu katikati, joto linakwenda angani. Tanuru la mivuo: makaa, mawe na hewa vyote ndani ya ukuta mmoja, joto linazaliwa linapotakiwa. Njia hiyo haijafa. Pamba ya mawe inayowekwa kwenye kuta za nyumba huko Ulaya bado inatengenezwa pia kwenye matanuru ya namna hiyo, mawe na makaa ya koki yamepangwa pamoja, hewa inapulizwa, nyuzi 1,500 hivi. Kisha tanuru la umeme: joto linazaliwa ndani ya udongo wenyewe, na udongo wenyewe ndio chungu na ndio kifuniko. Hatua kwa hatua, watu hawakuwa wanashindana nani ana moto mkali. Walikuwa wanauliza swali moja: joto langu linapotelea wapi, na nitalizuiaje?

Ndiyo maana blanketi la yule mzee limenigusa. Baada ya kupambana hivyo na moto, kitu kilichopatikana ni cha kuzuia joto lisipotee. Mita moja ya ujazo ya blanketi hilo ina uzito wa kilo 128 hivi kwa aina ya kawaida, wakati tofali la moto kwa ujazo huo linafika kilo 2,000 na zaidi. Tofali ni zito, linakunywa joto, mzee alisema kweli tupu. Ni akili ileile ya jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lililoenea kutoka Nairobi kuanzia miaka ya 1980 na ambalo wengi wenu mnalo jikoni.

Juzi nilirudi karakana. Nilikuwa na jambo la kumwambia mzee, na lilinikwama kidogo, maana nani anataka kwenda kumwambia fundi wa miaka mingi kuhusu kazi yake? Lakini nilimwambia. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka nyuzi hizi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kutokana na majaribio ya wanyama waliozivuta. Ni nyembamba kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Na zikikaa muda mrefu kwenye moto mkali sana, sehemu yake inageuka silika ya fuwele, ambayo nayo ni adui wa mapafu. Vijana wake huzibandua zilizochakaa kwa mikono mitupu, vumbi likiwapeperukia usoni. Sasa zipo aina mpya zenye kalsiamu na magnesiamu ambazo huyeyuka haraka zaidi mwilini, lakini fundi hachagui, ananunua iliyopo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nifanyeje basi?" Nikamwambia: lowesha kwa maji kabla ya kubandua, funga barakoa nzuri, usifagie pakavu, nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto. Akamwita kijana wake mkubwa, akamwambia, "Umesikia? Kuanzia kesho."

Nikitembea kurudi nyumbani niliwaza kwamba kama ningemwandika mzee huyu kwa mtindo wa makala yangu ya zamani, ningesema fundi wa Nyegezi ameizidi Marekani. Watu wangeshangilia, na wale vijana wangeendelea kuvuta vumbi. Sifa za uongo hazimsaidii anayesifiwa. Zinamfunga macho yule anayesifu asione kazi halisi iliyofanyika, wala hatari iliyopo.

Wazee wa Kagera hawahitaji kumshinda Neilson. Walichagua udongo wao, wakachoma matete yao, wakakaanga mawe yao, wakapata chuma cha pua kando ya ziwa hili hili karibu miaka 2,000 iliyopita. Hilo limesimama hata baada ya hesabu za Rehder. Kama kuna rafiki yangu wa Bukoba anasoma hapa, ile soda ya wiki nzima nakudai tena, maana safari hii nimekusifia bila chumvi.

Na mwalimu wangu, popote ulipo: joto lilitoka kwenye moto wenyewe. Samahani kwa kuchelewa kujibu.

Naomba kuwasilisha. Tuko pamoja.